Kamba ya Kwenda kwa Bi. Somoe

Ninyi vijana mnaopita hapa barazani kwangu Ilala mkinipa shikamoo, mkiona vidole hivi vilivyopinda mnadhani ni baridi yabisi. Si baridi yabisi. Ni kamba. Nimesokota, nimepima, nimekata na kuuza kamba Kariakoo tangu nikiwa msichana mpaka nikaanza kuitwa bibi. Kama mna nafasi kidogo kabla hamjaenda kwenye mambo yenu, kaeni niwaambie jambo moja nililojifunza kwa kukosea. Nimekosea mengi, lakini hili ndilo linalonijia mchana nikisinzia.

Duka lilikuwa uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Lilikuwa la Mzee Makame, mtu wa pwani, mpole, aliyenipa kazi mimi binti wa Kichagga huku majirani wakimwambia kwamba Mchagga huja Kariakoo kuuza, haji kusokota. Yeye akawajibu kwamba vidole havina kabila. Humo ndani kamba za katani zilining'inia kutoka darini hadi sakafuni, na za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, zilijikunja pembeni kama zimelala. Nje mji ulikuwa unapiga kelele zake zote, mikokoteni, wapiga debe, spika za wauza sumu ya panya. Ukivuka kizingiti tu, katani ilimeza sauti. Ukikaa humo saa mbili tatu ulijihisi uko chini ya maji.

Mzee Makame alikuwa na kanuni moja. Usimuuzie mtu kamba kabla hujamuuliza anakwenda kufunga nini. Niliidharau kanuni hiyo mwanzoni. Bwana mmoja alikuja kununua kamba ya kufungia godoro juu ya basi, nami nikampa manila mpya, kamba ya nailoni ya buluu, inang'aa. Manila mpya inateleza, fundo lake hujifungua lenyewe likitikiswa. Godoro lilibaki njiani, Mungu ndiye ajuaye wapi. Wiki iliyofuata yule bwana alirudi. Hakugomba. Alisema tu kwamba mke wake angependa sana kuniona.

Tangu siku hiyo niliuliza kila mtu. Kwa hiyo Mwajuma alipokuja nikamuuliza na yeye.

Mwajuma nilikuwa nikimwona pale sokoni, alikuwa akileta mihogo kutoka kijijini kwao, ndani kabisa ya Kisarawe. Mwanamke wa makamo, maneno machache. Alitaka kamba ndefu, hatua mia na ishirini, na nilipomuuliza ni ya kufunga nini akasema si ya kufunga. Ni ya kushika. Mama yake, Bi. Hidaya, alikuwa amepoteza macho yote mawili kwa presha ya macho. Wajukuu waliokuwa wakimshika mkono sasa wako shuleni, na Mwajuma mwenyewe siku za soko huondoka alfajiri na kurudi jioni. Siku hizo mama hukaa kitandani, hanywi hata maji, ili asije akahitaji kwenda chooni.

Aliyasema hayo akitazama kamba, hakunitazama mimi. Nilimwambia asinunue kitu. Nilimwambia nitakuja mwenyewe.

Mzee Makame alinisikiliza nilipomweleza, akashuka kwenye kigoda chake, akachagua robota la katani nzuri na kunionyesha namna ya kuiandaa kwa ajili ya kiganja cha mtu. Katani ina vinyweleo vinavyochoma. Unaipitisha haraka juu ya moto wa jiko, vinyweleo viungue, kamba yenyewe isiungue. Halafu unaipaka nta ya mshumaa na kuisugua kwa gunia mpaka ipite mkononi kimya. Manila usiitumie, alisema. Jua likiwaka inaunguza, mvua ikinyesha inateleza, na ikizeeka inatoa miiba midogo usiyoiona. Tuliitandaza kamba ile yote uchochoroni, kutoka duka letu hadi kwa muuza vitenge, na watu waliruka juu yake wakiuliza kama kuna harusi.

Nilikwenda. Nilisimika nguzo za mpera, nikapitisha kamba kutoka mlangoni kwa Bi. Hidaya hadi chooni, na nyingine hadi kisimani. Nilikuwa nimejiandaa, nikaweka na mafundo. Fundo moja, mteremko. Mawili, kona. Matatu, mzizi wa mkorosho. Manne, jiwe. Matano, umekaribia. Sita sikumbuki tena lilikuwa la nini. Bi. Hidaya alikaa kwenye mkeka mlangoni muda wote nikigonga nguzo. Alikuwa mwembamba, kilemba chake cha kanga kimefungwa vizuri, uso ameuelekeza bondeni. Nilimweleza mafundo yote kwa fahari. Akasema ahsante sana mwanangu. Nikarudi mjini nimejaa furaha, na kwa wiki kadhaa nilimsimulia kila mteja aliyesimama vya kutosha.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza, ni la kifundi, na atakayeshika kazi hii alijue. Katani ikilowa inajikaza. Mimi niliivuta kamba wakati wa kiangazi, ikanyooka barabara, nikasimama mbali na kuiona nzuri. Masika yalipokuja ikanywa maji, ikajivuta, ikazing'oa nguzo zangu moja baada ya nyingine. Mwajuma aliniletea habari hizo sokoni kwa upole, akicheka kidogo, akasema kamba ilikuwa imekaza kiasi kwamba kuku walikuwa wanalala juu yake. Kamba ya nje lazima uiache ilegee. Lazima uiachie nafasi ya kunywa.

Kosa la pili nililijua nilipokwenda kuzisimika nguzo upya. Kamba ya chooni ilikuwa inang'aa kwa kushikwa. Kamba ya kisimani ilikuwa vilevile nilivyoiacha, nta bado ipo, buibui wamejenga kwenye mafundo. Nikamuuliza Bi. Hidaya kama kuna ubaya. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole, haraka kuliko mtu anayeona. Akaendelea kuchambua.

"Kisimani naletewa maji na wajukuu," akasema. "Wewe ulimuuliza Mwajuma mama anahitaji nini. Mimi hukuniuliza."

Nilikaa chini. Nikamwomba radhi, nikamuuliza. Alimaliza kwanza mchele wa kwenye ungo. Kisha akasema anataka kwenda kwa Somoe.

Bi. Somoe alikuwa shoga yake tangu usichana. Walichezwa ngoma ya unyago pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakazika waume zao mmoja baada ya mwingine. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde, ukisimama mlangoni kwa Bi. Hidaya unaona paa lake la makuti na moshi wa jiko. Lakini Bi. Somoe magoti yalikuwa yamekufa, hawezi kushuka bonde wala kulipanda. Tangu macho ya Bi. Hidaya yalipozima, wanawake hawa wawili walikuwa wanaletewa salamu tu na watoto, na watoto, mnajua wenyewe, salamu ya maneno kumi wanaifikisha mawili. Miaka minne. Kila asubuhi Bi. Hidaya alikuwa anakaa mlangoni uso kaelekeza kule, nami nilidhani anaota jua.

Na kuhusu mafundo yangu akasema, kwa adabu zote, "Umeniandikia barua ndefu, mwanangu. Mimi nataka tu kuambiwa shimo liko wapi."

Siku ile, nguzo zilipokwisha kusimikwa tena, alinifunga kanga machoni. Alisema kama nataka kutengeneza njia ya mtu asiyeona niipite kwanza. Aliniongoza yeye mwenyewe hadi kwenye kamba ya kisimani ile ambayo haikutumika, akaniachia. Wanangu, sijui niwaambie vipi. Hatua tano za kwanza niliogopa kama mtoto. Halafu kitu fulani kikatulia. Jua lilikuwa linanigusa shavu la kulia, nikajua nimegeuka lilipohamia kisogoni. Nilisikia harufu ya maua ya mkorosho kabla sijaufikia mkorosho. Ardhi ilikuwa inasema na nyayo zangu, hapa mchanga, hapa majani makavu, hapa ubaridi wa kivuli. Kamba ilikuwa inapita kiganjani taratibu, na mafundo yangu sita yalikuwa kelele tupu. Nilikutana na nguzo pia, kila nguzo ilinilazimisha kuachia kamba na kuitafuta tena upande wa pili, na kila nilipoachia nilianguka ndani ya kitu kisicho na chini. Nilipofungua kanga nilikuwa na machozi na sikujua yametoka lini.

Kwa hiyo andikeni haya kama mnaandika. Nguzo iwe nyuma ya kamba, upande asikopita mtu, mkono uteleze usikatizwe. Kimo kiwe cha mkono uliolegea wa mwenyewe atakayeshika, mpime yeye, usijipime wewe. Kamba iwe mkono wa kushoto kama mtu anabebea kulia, na umuulize anabebea upi. Fundo moja pale panapoweza kumwangusha mtu. Fundo kubwa pale alipofika. Basi.

Kamba ya bondeni ilikuwa kazi nyingine kabisa. Ilipaswa kupita mashamba ya watu na kukatiza njia ya bodaboda, na kamba iliyokingama njiani inaweza kumkata mtu shingo. Mwenyekiti wa kijiji alituita, akasema waziwazi kwamba hawezi kuruhusu. Alikuwa na haki. Mzee Makame ndiye aliyenifundisha la kufanya, niliporudi dukani nimekata tamaa. Kwenye njia ya watu, alisema, usivushe kamba. Ikomeshe kwa fundo kubwa, uweke mti mrefu uliolala chini kuvuka njia, mguu uufuate kama mkono ulivyofuata kamba, na ng'ambo kamba ianze tena. Nikarudi na wazo hilo, mwenyekiti akaukanyaga mti mwenyewe kwa miguu mitupu, macho kafumba, mbele ya watu, kisha akatoa ruhusa. Tulifanya kazi siku nne. Vijana wa bodaboda walibeba nguzo. Bi. Somoe alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake ng'ambo, mbali, akitutazama kama mtu anayetazama mvua ikija.

Siku Bi. Hidaya alipoipita kwa mara ya kwanza mimi sikuwapo, nilikuwa dukani. Mwajuma alinisimulia kwamba mama alioga, akavaa kanga mpya, akaondoka asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, akakataa kufuatwa. Alizama kwenye ukungu mpaka hakuonekana, kamba tu ndiyo ilikuwa inacheza kidogo kwenye nguzo za juu. Kisha ikaacha kucheza. Mwajuma alisimama pale akihesabu pumzi zake. Baada ya muda akasikia vicheko vya vikongwe wawili kutoka ng'ambo, na havikunyamaza mpaka adhuhuri.

Ningependa niishie hapo. Lakini nilisema nitawaambia ukweli wa kazi.

Miezi michache baadaye, alasiri moja, Bi. Hidaya alikuwa katikati ya bonde wakati kamba ilipoisha mkononi mwake. Mtu alikuwa ameikata. Hatua kama ishirini za kamba nzuri ya katani, zimekwenda kufunga, nadhani, mzigo wa kuni. Alishika ncha ile, akaipapasa, akaelewa. Nyuma yake kamba ilikuwa nzima, angeweza kugeuka arudi nyumbani salama. Aliniambia mwenyewe baadaye kwa nini hakugeuka.

"Sikuogopa nyoka," alisema. "Niliogopa kwamba nikirudi leo, sitatoka tena."

Alisimama akaita jina la Somoe. Akaita tena. Bi. Somoe alisikia, na hakuwa na magoti ya kushuka wala kijana wa kumtuma. Alikuwa na kinu tupu na mchi. Akaanza kutwanga hewa. Alitwanga kwa nguvu, taratibu, bila kuacha, na Bi. Hidaya aliachia ncha ya kamba akaanza kwenda kuelekea mlio. Alianguka mara moja mtaroni, akachubuka mkono, akaamka, akasikiliza, akaendelea. Saa ile haikuwa saa ya kutwanga, na watu walianza kutoka majumbani kuuliza kuna nini kwa Bi. Somoe. Walipofika waliwakuta wamekaa pamoja mlangoni, mmoja ana damu mkononi, mwingine bado kaukumbatia mchi.

Mwajuma alipoleta habari dukani mimi niliketi juu ya robota la usumba nikasema sitatandika kamba nyingine maishani mwangu. Kamba inayoisha katikati ni uongo, nilisema, na mimi ndiye niliyemdanganya yule mama. Mzee Makame wakati huo alikuwa mgonjwa tayari, alikuwa anakuja dukani kukaa tu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Aliyeikata hakujua ni mkono wa mtu," akasema. "Nendeni mkamwambie."

Hatukuhitaji kumtafuta. Mwenyekiti aliitisha mkutano, nami nilikuwapo. Hakuuliza nani kakata. Alimwomba Bi. Hidaya asimulie tu, naye alisimulia kama mtu anayesimulia safari ya kwenda sokoni, mlio wa kinu na yote, bila kumlaumu mtu. Kesho yake asubuhi kipande cha kamba kilikutwa kimekunjwa vizuri mlangoni kwa mwenyekiti. Sijui hadi leo ni nani, na Bi. Hidaya hakutaka kujua. Nilikiunga kipande kile kwa kukisokotea ndani ya kamba, sikupiga fundo, ili mkono wake upite pale usikumbushwe. Lakini jambo kubwa walilifanya wao. Kila nyumba ambayo kamba ilipita shambani mwake ilichukua sehemu yake kuitunza, nguzo hadi nguzo. Nyumba moja ilipanda mchaichai kandokando ili anuse ajue amefika kwao. Jirani mmoja aliyenicheka wakati wa kuchimba mashimo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa mbuzi walioisogelea kamba.

Mimi kazi hii niliifanya kwingine baadaye, vijiji vinne, vitano. Siku hizi naona vijana wenzenu wasioona pale Mnazi Mmoja wanakusanyika na fimbo nyeupe na simu zinazosema, navifurahia vitu hivyo. Simu inaweza kukwambia mengi. Lakini kule bondeni mtandao haufiki, na hata ungefika, bado mtu angepaswa kumuuliza mwenyewe anataka kwenda wapi.

Mara ya mwisho nilikwenda bila kutoa taarifa. Mzee Makame alikuwa ameshafariki, duka limeshachukuliwa na watu wa vifaa vya simu, nami nilikuwa nimekunja kipande cha mwisho cha kamba nzuri ya katani kilichobaki, nimekiunguza vinyweleo na kukipaka nta, nampelekea. Niliteremka kwenye bodaboda pale kamba inapokutana na njia, nikaona nipumzike kidogo chini ya mpapai. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado haujanyanyuka.

Alitokea humo. Alikuwa amezeeka sana, lakini hatua zilikuwa za mtu mwenye shughuli. Kulia alibeba bakuli lililofunikwa kawa, kushoto mkono wake ulikuwa unateleza juu ya kamba kwa wepesi, unagusa tu, kama unavyogusa ukuta wa nyumba ulimozaliwa. Alikuwa anaimba kwa kunong'ona. Alifika kwenye fundo, akaachia, mguu wake ukaupata mti uliolala, akavuka njia, akashika tena ng'ambo. Alipita karibu yangu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa kanga. Nilifungua mdomo kumwamkia. Nilikuwa nimetoka Dar na mzigo wangu, nilitaka ajue nimekuja, nilitaka, niseme kweli, anishukuru. Kisha nikaufunga mdomo. Nikamwacha apite, akazama upande wa pili, na baada ya muda nikasikia Bi. Somoe anamkaribisha.

Mchana, tukinywa chai mlangoni kwa Bi. Somoe, dhamiri ilinisuta. Nilimwambia Bi. Hidaya kwamba asubuhi nilikuwa pale kando ya njia, akapita nami sikumwamkia, na kwamba anisamehe kwa kumtazama hivyo.

Akapuliza chai yake.

"Nilijua pana mtu," akasema. "Nilisikia pumzi. Lakini nilikuwa na safari yangu."